Ya Huku na ya Huko

Machi 4

Mvua imeanza. Bati la chumba cha nyuma limeanza nayo.

Machi 6

Nimeamua kuandika kwa sababu nikisema kwa mdomo Mama atasikia, na neno likishamfikia Mama halipotei. Atalirudia Jumapili kwenye simu kama lilivyotoka, na sauti yangu ataiigiza, mpaka na kikohozi nilichokohoa katikati. Ndivyo alivyo. Haongezi chumvi wala hapunguzi. Tulipokuwa wadogo tulimwogopa kwa hilo kuliko fimbo.

Anayepigiwa Jumapili ni mdogo wangu, yuko ng'ambo miaka mingi. Mimi namwita Mkurugenzi. Cheo hicho alijipa mwenyewe siku alipoanzisha kampuni yetu ya watu wawili: yeye mkurugenzi, mimi wafanyakazi wote. Kampuni ina nyumba mbili na biashara ya magari. Nyumba moja ni hii tunayokaa, vyumba sita, viwili vyetu mimi na Mama, vinne vya wapangaji. Nyingine ni fleti aliyoinunua kwa mkopo kule aliko, naye anaipangisha. Magari ananunua yaliyotumika, anayapakia melini, mimi nayatoa bandarini na kuyatafutia mteja. Kwa kifupi, mipango ni yake, tope ni langu.

Hatuongei, mimi na yeye. Gari la pili lilikwama bandarini mpaka gharama za kulihifadhi zikameza faida yote, naye akanipigia kuniambia, "Dada, wewe huko hujui biashara." Huku nimesimama kwenye foleni ya forodha tangu alfajiri, viatu vimeloa. Nikakata simu. Mpaka aombe radhi, habari zitapita kwa Mama.

Machi 9, Jumapili

Mapacha wa chumba cha nne wametumbukiza kandambili kwenye mfereji wa bafu. Nimezibua kwa mkono wangu. Mkurugenzi alikuwa kwenye simu na Mama, anauliza kama tumekula.

Machi 12

Kazini mashine ya kukaushia imekufa. Mimi ndiye msimamizi wa madobi wa hospitali, kwa hiyo imekufa mikononi mwangu. Mashuka tumeyatandaza kwenye korido, juu ya viti, hadi kwenye ngazi. Daktari mmoja kaja kuniuliza kwa nini wodi yake haina mashuka makavu. Nikamwonyesha dirisha, mvua inashuka. Akaniambia nilitegemea nini msimu huu.

Machi 14

Gari la tatu limetoka. Safari hii wakala wa forodha hakunizungusha sana, kanizungusha kiasi. Ni dogo, jeupe, safi ndani, na karatasi zote zina jina langu mimi kama mpokeaji. Ukiwasha, mwanamke aliyemo kwenye dashibodi anasema maneno ya lugha ya huko lilikotoka, kwa adabu sana, kisha ananyamaza. Nilipolifikisha nyumbani Mama akaja kukaa kiti cha mbele. Nikawasha, yule mwanamke akasema yake.

"Marahaba, mwanangu," Mama akamjibu.

"Mama, hakusalimii. Labda anakwambia ufunge mkanda."

"Kasema kwa heshima. Hata wewe huniamkii hivyo."

Kesho natafuta mteja. Fedha yake itaziba bati.

Machi 16, Jumapili

Mama amemaliza simu, akaja na ujumbe. "Amesema: gari lisiuzwe, likae hapohapo, nina kazi nalo."

Kazi gani? Mama hajui, hakuambiwa. Bati linavuja, kodi ya ardhi inadaiwa, naye ana kazi na gari lililoegeshwa chini ya dirisha langu. Alininyooshea simu, "Hebu ongea na mdogo wako." Nikamwambia amwambie niko kazini. Naye akamwambia: "Dada yako amesema: mwambie niko kazini." Ndiyo Mama huyo.

Machi 19

Mvua. Mashuka.

Machi 23, Jumapili

Nimekaa hapa kitandani na kalamu, ngoja niandike taratibu.

Nilikuwa jikoni, Mama yuko barazani na simu yake. Aliongea muda mrefu kuliko kawaida. Akasikiliza, akasema "ndiyo baba, ndiyo baba," akapangusa macho kwa ncha ya khanga. Alipokata nikamuuliza kuna nini. Akasema, kwa ile sauti ya kutua mzigo:

"Amesema: Mama, nyumba ya huku naiuza. Nimechoka nayo. Wapangaji wananisumbua, mabomba yanapasuka, haina faida. Dalali ameshaiona, mteja yupo. Ya huko ibaki."

Nikamwomba arudie, akarudia, herufi kwa herufi. Ya huku naiuza, ya huko ibaki.

Nikasema, "Na wewe umemwambia nini?"

"Nimemwambia aiuze, mwanangu apumzike. Na wewe utapumzika."

Nitapumzika wapi, Mama? Hilo sikulisema kwa mdomo, maana lingefika ng'ambo. Niliingia chumbani nikafunga mlango.

Amechoka nayo. Yeye ndiye amechoka. Kandambili ya mapacha ameichomoa yeye? Nilipochimba msingi wa nyumba hii kwa mkopo wa chama cha akiba cha kazini, nikakatwa mshahara mpaka nikawa natembea kwa miguu kwenda hospitali, yeye alituma hela ya bati na saruji, sikatai, alituma. Lakini kila tofali lilipita mbele ya macho yangu. Fundi aliyetaka kupunguza nondo nilimfukuza mimi. Hati ina jina lake kwa sababu kiwanja alikinunua yeye kabla hajaondoka, na sikuwahi kuwaza kwamba kati ya ndugu wa tumbo moja kuna haja ya majina mawili. Sasa anaiuza nyumba anayolala mama yake ili amalizie mkopo wa fleti ya kupangishia wageni. Na mama yake analia kwa huruma, anamhurumia yeye.

Mimi nitakwenda wapi na mama wa umri huu? Ndilo swali, hakuna jingine. Nikistaafu mwakani sina kingine chochote, nina vyumba hivi tu.

Machi 26

Nimeomba ruhusa kazini, nimekwenda kwa wakili. Kijana mpole, tai imemkaba. Akaniuliza nina karatasi gani. Nikamwambia sina karatasi, lakini muulize mtu yeyote mtaani nani amejenga ile nyumba. Akasema mtaa hauna mhuri. Hata hivyo alitaka ada ya kufungua jalada, na hiyo ilikuwa na mhuri.

Machi 30, Jumapili

Mama amempigia. Nilijifanya napiga pasi, nikatega sikio. Wakaongelea magoti ya Mama na baridi ya huko. Anajua kujibaraguza, huyu mtoto.

Aprili 2

Nimemwita Herufi, yule mchora mabango wa kona ya duka la vifaa. Huku kwetu ukuta ukiandikwa kwamba nyumba haiuzwi kila mtu anaelewa, hata benki inaelewa. Alikuja na kopo la rangi nyekundu na ngazi fupi, akatazama mawingu, akasema rangi haitashika. Nikamwambia ashikishe.

"Niandike kwa amri ya nani?" akauliza. "Maana watu huandika kwa amri ya mahakama, wengine kwa amri ya familia."

"Andika: Nyumba hii haiuzwi. Basi."

"Bila amri haitishi, dada."

"Weka kwa amri ya familia."

Familia yenyewe ilikuwa barazani inachambua mchele. Herufi alimaliza magharibi, herufi kubwa kutoka dirisha hadi dirisha, na ile W ya "haiuzwi" ikachuruzika kidogo chini. Mama akatoka, akasoma kwa sauti, akatikisa kichwa kwa kukubali.

"Vizuri," akasema. "Matapeli wamezidi."

Nimemtazama usoni sikuona kitu. Sikujua kwamba Mama anaweza kunidhihaki bila hata kupepesa jicho.

Aprili 6, Jumapili

Bila shaka ameripoti ukuta. Jibu limekuja: "Amesema: mwambie dada, hapo amefanya kazi."

Kejeli ya namna hii hata adui hanifanyii.

Aprili 8

Lile bango limefanya ambalo sikulitegemea. Jioni wapangaji wamenisubiri barazani, wote wanne. Msemaji wao ni Mama Mapacha. Akaanza kwa kunisifu, nikajua kuna jambo.

"Mama mwenye nyumba, sisi hatuna ugomvi na wewe. Ila tumeona ukuta. Ukuta ukiandikwa hivyo ujue ndani kuna watu wawili, mmoja anauza, mmoja anakataza. Sasa kodi tumpe nani? Tukikupa wewe, kesho akaja mwingine na hati, si tutalipa mara mbili?"

"Nani amekwambia kuna watu wawili?"

"Wewe. Umeandika."

Nesi wa chumba cha tatu, ambaye hata tunafanya kazi hospitali moja, akaongeza kwamba wao watasubiri mpaka mwenye nyumba ajulikane. Mwenye nyumba, mimi niliyemzibulia bafu. Nimeingia ndani sijasema kwaheri.

Aprili 10

Leo kaja dalali. Kavaa viatu vyeupe msimu wa mvua, anaruka dimbwi moja baada ya jingine. Nikamwonyesha ukuta kwa kidole, nikamuuliza kama shule alipita nje.

"Nimeusoma, dada. Ndio ulionileta. Nikiona haiuzwi, najua kuna mtu anauza, tena kwa bei ya haraka. Namba ya ndugu yako unayo?"

"Kwani wewe huna?"

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Nimemfukuza. Kabla ya jua kuzama wamekuja wengine wawili. Kwa miaka yote hii hakuna dalali aliyewahi kusimama mbele ya nyumba hii, mpaka nilipoandika haiuzwi.

Aprili 11

Mvua kutwa. Mpangaji wa chumba cha nyuma amehama, ndoo tatu zilikuwa zinakinga maji juu ya kitanda chake. Hakuna hata mmoja aliyelipa.

Aprili 13, Jumapili

"Amesema: chumba cha nyuma kikiwa wazi msikipangishe."

Mama tayari alikuwa ameshika ufagio. Amekifagia, ameanika godoro kwenye korido, ameniomba pazia langu la bluu. Nikamuuliza la nini. Akasema, "Kuna neno nimeambiwa nisiseme, kwa hiyo silisemi."

Nimelielewa hata hivyo. Mnunuzi anataka kuja kukaa kabla ya kukabidhiwa, kupima upepo. Na mama yangu mzazi anampangia pazia. Nimempa pazia. Nimempa na pete za kulitundikia, nikazitupa juu ya godoro zikatawanyika, Mama akainama kuziokota moja moja na magoti yake yale. Sikumsaidia.

Aprili 18

Mfamasia wa hospitali amenisimamisha korido, kasikia nina gari jeupe limekaa bila kazi. Nikamwambia si la kuuza. Akataja bei. Nikarudia, sauti ikiwa ndogo zaidi.

Aprili 21

Nimehesabu usiku kucha na hesabu inatoka ileile. Nyumba ina jina lake. Gari lina jina langu. Kama yeye anachukua kikubwa bila kuniuliza, mimi nikichukua kidogo nani ana haki ya kunisema? Ana kazi nalo. Kazi yenyewe najua, ni la kumhonga dalali, au nyongeza kwa mnunuzi ili bei ifike.

Aprili 23

Nimeliuza.

Nimemkabidhi mfamasia ufunguo kwenye maegesho ya hospitali. Akawasha, mwanamke wa dashibodi akasema yale maneno yake, mfamasia akacheka akauliza anasemaje. Nikamwambia anasalimia.

Nilifikiri nitajisikia mshindi. Nilirudi nyumbani kwa miguu nikiwa na njaa tu.

Aprili 24

Mama: "Gari liko wapi?"

Mimi: "Liko kwa fundi."

Amelihifadhi neno hilo. Jumapili litakwenda kama lilivyo.

Aprili 29

Mafundi wamevua bati la chumba cha nyuma na la korido, wameweka jipya. Nimetumia fedha ya gari. Iliyobaki nimempelekea wakili, ambaye amesema tusubiri tuone ndugu atafanya nini. Kusubiri hata mimi najua, na silipishi mtu.

Kwa nini naezeka nyumba inayouzwa? Fundi mkuu naye kaniuliza, baada ya kusoma ukuta. Nikamwambia apige misumari.

Mei 2

Mashine ya kukaushia imetengenezwa. Imekausha mara moja, imekufa tena.

Mei 5

Nesi ananipita korido kazini kama hanijui. Mfamasia ananipungia mkono kutoka kwenye gari, kila asubuhi, amefurahi. Sijui yupi ananichoma zaidi.

Mei 11, Jumapili

Sauti ya kutua mzigo tena. "Amesema: Mama, imeuzwa. Bei haikuwa nzuri lakini nimepokea hela, nimemaliza deni la benki."

Basi. Wakati anasema hivyo nilikuwa nakunja nguo, nikaendelea kukunja. Nilimuuliza Mama kama anaogopa. "Niogope nini, mwanangu? Sasa ndiyo roho yangu itatulia." Nimempenda mwanamke huyu maisha yangu yote, nimemwogesha alipoumwa, nimelala chini hospitalini pembeni ya kitanda chake, na leo nilimtazama nikaona mtu ambaye ana mtoto mmoja tu, na si mimi. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo nilivyoona. Imeniuma kuliko nyumba.

Mei 13

Nimeulizia vyumba viwili vya kupanga karibu na hospitali. Mwenye nyumba ameuliza kama tuna watoto wasumbufu. Nikasema nina mama.

Mei 18, Jumapili

Simu haikupigwa. Mama hakushangaa. Amepika, amefua pazia la bluu ambalo halikuwa chafu.

Mei 20

Mvua imepungua. Bango limefifia kwenye ile W tu, kwingine limeshika. Herufi alinidanganya kuhusu rangi.

Mei 24

Jioni nilikuwa nimekaa barazani na barua ya wakili, sijaifungua. Kukawa na manyunyu. Mtu akashuka kwenye teksi na masanduku mawili, akasimama barabarani anatazama nyumba. Nikajua ndiye, mnunuzi. Nikasimama nimejiandaa. Nilikuwa na maneno ya miezi miwili mdomoni.

Akavuka dimbwi. Hakuwa mnunuzi, alikuwa Mkurugenzi: amenenepa usoni na kukonda mwilini, nywele zimeingia mvi pembeni.

"Shikamoo, dada."

Nimeitikia. Sijui kwa nini niliitikia, mdomo umezoea. Kisha nikamwambia, "Umekuja kumkabidhi mtu nyumba? Yuko wapi mwenyewe, nimwone."

"Kukabidhi nyumba gani?"

"Uliyoiuza."

"Hiyo nilishakabidhi, dada. Funguo nilirudisha wiki iliyopita. Mama hakukwambia?"

"Aliniambia. Uliuza nyumba ipi?"

"Ya huku," akasema. Kisha akajishika paji la uso, akacheka kwa uchovu. "Ya kule, samahani. Fleti. Ulimi wangu bado haujashuka kwenye ndege."

Nyuma yangu Mama alikuwa ametoka na khanga moja begani, anakuja mbio mbio za magoti mabovu. Nikamgeukia. Nikamwambia, "Mama, wewe uliniambia ya huku inauzwa."

"Mimi sikukwambia inauzwa," Mama akasema, amekwisha kumkumbatia mwanawe, anaongea begani mwake. "Nilikwambia amesema: ya huku naiuza, ya huko ibaki. Sikuongeza neno, sikupunguza."

Na kweli hakuongeza wala hakupunguza. Yeye alikuwa kule, akasema huku. Mama aliubeba ujumbe mpaka mlangoni pangu bila kuugeuza, nami nikaupokea nimesimama hapa. Wapangaji waliomchosha ni wa kule. Mabomba yalipasuka kwa baridi ya kule. Kazi yake ilikwisha mwaka jana, mkopo ukamshinda, na aibu ikamzuia kuniambia mimi niliyemwambia asiinunue ile fleti. Akamwomba Mama anyamaze mpaka afike. Ya huko, iliyobaki, ilikuwa hii. Ningechukua simu siku moja tu, Jumapili moja, angeniambia kwa mdomo wake.

Tuliingia ndani. Akaonyeshwa chumba cha nyuma, godoro, pazia la bluu. Akatazama juu, akagusa ukuta uliokuwa ukilowa. "Umeezeka upya, dada." Nikasema ndiyo.

Kisha akauliza gari liko wapi. Alisema amekuwa akilifikiria miezi yote, ndilo la kuanzia maisha, ataliendesha teksi mwenyewe mpaka asimame. Hana kingine.

Mama akadakia, "Liko kwa fundi."

Nikasema, "Nimeliuza."

Alikaa kwenye kitanda. Mvua juu ya bati jipya inapiga kelele sana, nilikuwa sijawahi kuisikia nikiwa ndani ya chumba hicho. Akasema, "Lazima ulikuwa na shida. Ungeniambia." Akatazama tena juu. "Basi ndio limekuwa bati."

Ningependa angenitukana.

Mei 26

Nimemvizia mfamasia kwenye maegesho kabla ya kazi. Nikamwambia nalitaka gari, nitamrudishia fedha yake kidogo kidogo, na juu yake nitaongeza. Aliniacha nimalize. Ni mtu mwema.

"Dada, mke wangu ameshalizoea, watoto wameshalizoea. Hili haliuzwi."

Akawasha kulisogeza kivulini. Yule mwanamke akasalimia.

Mei 28

Mashuka yamekauka nje, kwenye kamba, kwa mara ya kwanza tangu Machi. Mkurugenzi ameamka mapema, amekwenda kwa miguu kutafuta mwenye teksi anayetaka dereva wa kumwajiri. Amerudi na tope mpaka magotini. Kesho anakwenda tena.

Mei 30

Nilimwita Herufi aje kufuta ukuta. Nilitaka afute kabla mdogo wangu hajarudi, lakini Herufi alichelewa, na walipofika walifika pamoja. Herufi akafungua kopo la chokaa.

"Acha," mdogo wangu akamwambia. "Usifute."

Alisimama mbele ya maandishi kwa muda, mikono kiunoni. Wapangaji walikuwa wakichungulia. Mama alikuwa mlangoni.

"Unajua, dada, Mama aliponiambia kwenye simu umeandika hivi, nilikuwa nimekaa sakafuni kwenye ile fleti, wapangaji wameshahama na vitu vyao. Nilimwambia akwambie umefanya kazi. Sikujua namna nyingine ya kusema. Nilijua basi nina mahali pa kurudi, na kuna mtu anapalinda." Akagusa ile W iliyochuruzika. "Uliiandika kwa nini hasa? Kuna mtu alikuja?"

Nilikuwa nimeamua kusema ukweli. Niliuvuta kutoka tumboni, nikamwambia nikimtazama machoni:

"Niliiandika kwa ajili yako."

Macho yakamjaa maji, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, kama alivyokuwa akifanya utotoni tukivuka barabara.

"Asante, dada," akasema.

Nikafungua mdomo nimweleze kwamba ni yeye niliyetaka kumzuia. Nikamtazama Mama, ambaye alikuwa amesikia kila neno, na ambaye kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe alielewa kilichosemwa na kilichosikika kwamba si kimoja. Hakurudia kitu. Akasema chakula kinapoa, akaingia ndani, nasi tukamfuata.